Je, ni dhambi kuogopa kutumaini tena?

Swali: Shikamoo, Baba Mchungaji. Mume wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayatoki vizuri. Tumeuza ng'ombe wote kwa ajili ya matibabu. Nimefunga, nimeombewa, na mara tatu niliamini kabisa kwamba anapona, nikawaambia hata watoto. Mara zote tatu nimetahayari mbele yao. Mhubiri mmoja aliniambia kwamba imani yangu ni ndogo, akataka nipande mbegu ya fedha. Sasa mvua inakaribia hapa kwetu Dodoma, majirani wananiuliza kama nitalima, nami sina moyo hata wa kushika jembe. Naogopa kutumaini tena. Je, hofu hii ni dhambi? Na ujasiri wa kutumaini unapatikana wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya kueleza lolote nianze na lile uliloliuliza kwanza, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, si dhambi. Mtu aliyeungua huuogopa moto, na mtu aliyetumaini akaumia huogopa kutumaini. Hofu hiyo ni jeraha, na jeraha huuguzwa, halikemewi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 24, wako watu wawili waliokuwa wakitoka Yerusalemu kwenda Emau siku ileile ya ufufuo, wakizungumza habari za msiba wao. Walipoulizwa na yule mgeni asiyejulikana ni jambo gani linalowasumbua, walisimama wakiwa wamekunja nyuso, kisha katikati ya maelezo yao wakasema, "Nasi tulikuwa tukitumaini." Angalia wakati wa kitenzi hicho. Hawakusema tunatumaini, walisema tulikuwa tukitumaini, yaani jambo hilo limekwisha kuzikwa. Hakuna sentensi nyingine katika Agano Jipya inayofanana na barua yako kuliko hii. Naye Bwana mfufuka, ambaye angeweza kujitambulisha mara moja na kulimaliza jambo lote kwa neno moja, aliwauliza kwanza, akawaacha waeleze yote mpaka mwisho, ndipo alipoanza kuwafundisha, na hata hapo alitembea nao mwendo wao, kwa njia yao, kuelekea kijiji walichokuwa wakikikimbilia. Aliwakemea, ndiyo, lakini kwa uzito wa mioyo katika kuyaamini Maandiko. Kwamba walikuwa wameumia hakuwakemea.

Umetumia neno "kutahayari", na sidhani kama ulilichagua kwa kufikiri sana, lakini ndilo neno lenyewe la Mtume Paulo katika Biblia yetu ya Kiswahili. Katika Warumi 5 anaandika kwamba dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini, "na tumaini halitahayarishi." Watu wengi hukimbilia maneno hayo matatu ya mwisho na kumrushia mtu mwenye shida, kana kwamba wanamwambia kwamba akitahayari basi hakutumaini sawasawa. Mimi nakuomba uutazame mpangilio. Paulo hakuliweka tumaini mwanzoni mwa safari. Ameliweka mwishoni, baada ya dhiki, baada ya saburi, baada ya moyo kuwa thabiti. Kwa hiyo mtu aliye katikati ya dhiki ambaye bado hajaliona tumaini hajapotea njia wala hajabaki nyuma ya wenzake. Yupo njiani, katika kituo ambacho Paulo mwenyewe alikitaja kwa jina. Wewe umemwogesha, umemlisha na kumgeuza mumeo kitandani kwa miaka miwili. Hiyo ndiyo saburi, hata kama hukuwa ukiiita hivyo.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima nilitenganishe, nalo ni gumu kidogo. Mara zile tatu ulizotahayari, ninadhani kilichovunjika hakikuwa tumaini, bali utabiri. Uliambiwa, au ulijiambia, kwamba kabla ya siku fulani atasimama, na siku ile ikapita. Tumaini la Kikristo si kujua tarehe. Mtu anayejua tarehe hana haja ya kutumaini, kama Paulo anavyosema katika sura ya nane ya waraka uleule, kwamba kinachoonekana hakitumainiwi tena.

Biblia inazo sura mbili zinazoeleza tofauti hiyo kwa namna ambayo sijaona mahali pengine, na nimefundisha Agano la Kale muda mrefu wa kutosha kuthubutu kusema hivyo. Ni Yeremia 28 na Yeremia 32. Katika sura ya 28 anasimama nabii mmoja aitwaye Hanania, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote. Wakati huo Wababeli walikuwa wamekwisha kuwachukua mateka watu wengi, pamoja na mfalme na vyombo vya hekalu. Hanania akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili kamili kila kitu kitarudi. Yeremia, aliyekuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa ulio mbele, alijibu kwa neno ambalo huwa linanishangaza kila ninapolifikia. Alisema, "Amina, Bwana atende hivi." Hakufurahia msiba. Alitamani kwa moyo wote Hanania awe mkweli, kama wewe ulivyotamani wale waliokuombea wawe wakweli. Hanania akaivunja ile nira mbele ya watu, na bila shaka wengi walishangilia. Lakini miaka miwili ilipita, vyombo havikurudi, na badala ya nira ya mti ikaja nira ya chuma.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa na mimi niliwahi kuwa Hanania. Nikiwa mchungaji kijana, nilimwambia baba mmoja mwenye mtoto aliyelazwa, mbele ya familia yake yote, kwamba Mungu amenionyesha mtoto atapona. Mungu hakuwa amenionyesha kitu. Nilikuwa nimeshindwa tu kuuvumilia uso wa baba yule. Mtoto alifariki kabla ya mapambazuko, na baba yule hakurudi kanisani muda wote niliokaa katika usharika ule. Nilimpa mtu utabiri nikauita tumaini, na ulipovunjika, ulivunjika pamoja na imani yake. Tangu hapo huwa siahidi kitandani kwa mgonjwa jambo ambalo sikupewa kuahidi.

Sura ya 32 ndiyo ninayotaka ukae nayo. Ni mwaka wa kumi wa Mfalme Sedekia, mwaka mmoja hivi kabla ya Yerusalemu kuanguka. Jeshi la Babeli limeuzingira mji. Yeremia mwenyewe ni mfungwa katika uwanda wa walinzi, kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatekwa, na sura ya 37 inatuambia kwamba chakula chake kilikuwa mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mikate yote ya mjini ilipokwisha. Katika hali hiyo anakuja binamu yake, Hanameli, na kumwambia anunue shamba la ukoo lililoko Anathothi. Anathothi ni kijiji cha nyumbani kwake Yeremia, yapata kilomita tano tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, nje ya kuta, yaani upande ule ambako jeshi la adui limepiga kambi. Kwa lugha ya sokoni, Hanameli alikuwa anauza kitu ambacho hata yeye hangeweza kukikanyaga, tena anamuuzia mfungwa.

Yeremia akanunua. Alipima shekeli 17 za fedha, ambazo kwa vipimo vya leo ni kama gramu 190 hivi. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akaipima fedha katika mizani mbele yao. Kulikuwa na nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, akamkabidhi karani wake Baruku aziweke ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Mwandishi wa kitabu hiki, ambaye mara nyingi ni mtu wa mashairi na machozi, hapa anaandika kama karani wa ardhi, na ninaamini amefanya hivyo kwa makusudi. Kisha anatoa sababu katika mstari wa 15: "Nyumba, na mashamba, na mizabibu, itanunuliwa tena katika nchi hii."

Mambo mawili hapa yanahusu swali lako moja kwa moja. La kwanza ni kwamba Yeremia hakukanusha hata tone moja la ukweli ili apate kutumaini. Mji ulikuwa unaanguka, na yeye ndiye aliyesema unaanguka, na aliendelea kusema hivyo baada ya kununua shamba. Huenda nawe umeambiwa kwamba kukiri hali ya mumeo ni kukosa imani, kwamba usiseme "mume wangu ni mgonjwa" maana ulimi huumba. Sioni jambo hilo kwa Yeremia. Kiswahili chetu husema kukata tamaa, na tamaa kweli hukatika, hata ile tamaa njema ya kuona mambo yakirudi kama yalivyokuwa. Yeremia alikuwa ameikata tamaa hiyo zamani, na ndipo tumaini lake likapata mahali pa kusimama.

La pili ni utaratibu wa matukio, ambao wasomaji wengi huupita. Tungetazamia aombe kwanza, apate amani moyoni, kisha anunue. Sivyo ilivyoandikwa. Alinunua kwanza, akamkabidhi Baruku hati, ndipo akaomba, na sala yake, kuanzia mstari wa 16, ni sala ya mtu aliyechanganyikiwa. Anamsifu Mungu kwa uumbaji na kwa kuwatoa Israeli Misri, halafu anafika kwenye maboma ya udongo yaliyojengwa na adui kuuzunguka mji, na sala inaishia palepale: mji unatolewa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli, nawe umeniambia ninunue shamba kwa fedha! Hakuna amina, hakuna amani iliyoelezwa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kutumaini huku moyo wake ukiwa bado unauliza. Ndiyo maana nasema ujasiri unaoutafuta usiusubiri moyoni kama unavyosubiri mvua. Mara nyingi huanzia mikononi, katika jambo dogo linalofanyika kana kwamba Mungu ana kesho, na moyo hufuata baadaye, wakati mwingine baadaye sana.

Utaniuliza, je, Yeremia alilima shamba lile? Kwa kadiri Maandiko yanavyoeleza, hapana. Baada ya mji kuanguka alichukuliwa na watu wake kwenda Misri, na huko ndiko habari zake zinakoishia. Lakini ukifungua kitabu cha Ezra, sura ya pili, ambayo ni orodha ndefu ya majina ambayo nakiri huwa tunairuka katika masomo ya Jumapili, utakuta katika mstari wa 23, kati ya waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, watu wa Anathothi, 128. Hakuna maelezo mengine, ni hesabu tu. Mimi huusoma mstari huo nikikumbuka chombo cha udongo.

Mwaka 1943 mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, akiwa gerezani Tegel mjini Berlin kwa kuupinga utawala wa Hitler, alimwandikia mchumba wake Maria, akalitaja andiko hilohilo la Yeremia kuhusu nyumba na mashamba, na kuuona uchumba wao, waliouanza mwaka uleule vita vikiendelea, kuwa ishara ya namna hiyo. Hawakuoana. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945 katika kambi ya Flossenbürg, wiki chache kabla ya vita kwisha. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu kuna wahubiri wanaofundisha kwamba tumaini hupimwa kwa matokeo, na kwa kipimo hicho Bonhoeffer alishindwa, Yeremia alishindwa, na msalaba wenyewe ulishindwa mpaka alfajiri ya siku ya tatu. Tumaini letu limefungwa kwa Yeye aliyemfufua Yesu. Mumeo anaweza kupona zaidi ya hapo alipo, na nitaomba pamoja nawe apone. Lakini ikiwa hatatembea tena, hutakuwa umedanganywa na Mungu, kwa sababu ahadi aliyoitoa ni kubwa kuliko mguu wa kulia, nayo inauhusu pia mguu huo, siku ile miili yetu itakapofufuliwa.

Kuhusu yule mhubiri, sitatumia maneno mengi. Usimpe fedha. Anayemwomba mwanamke aliyeuza ng'ombe wake wote atoe fedha ili mumewe apone anafanya biashara, na Petro alikwisha kumjibu Simoni mchawi katika Matendo ya Mitume 8 habari za kununua karama ya Mungu kwa mali. Zaidi ya hapo, ikiwa yeye au mtu mwingine atawaambia mwache vidonge vya shinikizo la damu ili kuonyesha imani, mkatalie waziwazi, kwa maana kuacha dawa hizo ni mojawapo ya njia za kuleta kiharusi cha pili. Mazoezi ya viungo aliyofundishwa hospitalini yaendelee hata kama huoni tofauti kila wiki. Na kama hamjajaribu, imbeni naye nyimbo alizozijua tangu utoto, na msali naye Sala ya Bwana polepole. Wako wagonjwa wa kiharusi ambao hawawezi kutunga sentensi, lakini maneno ya wimbo waliouzoea huwatoka. Sikuahidi kwamba itakuwa hivyo kwake, ila hakuna hasara katika kujaribu.

Nawe pia una mwili. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, na Mungu hakumjibu kwa mahubiri. Alimlaza usingizi, akamwandalia mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha mara ya pili, akasema safari ni kubwa kwake. Mazungumzo ya kiroho yalikuja baadaye, huko Horebu. Kwa hiyo ninapokuuliza unalala saa ngapi na unakula nini, usidhani nimetoka nje ya swali. Ikiwa hulali kabisa, au ikiwa yanakujia mawazo ya kutaka kufa, nenda ukaonane na daktari na kumweleza hayo yote, kama ulivyompeleka mumeo; hiyo si aibu wala si upungufu wa imani.

Usibebe jambo hili peke yako. Yeremia alitupwa shimoni, akazama katika matope, na aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa bara letu hili, aliyekwenda kumwomba mfalme. Nampenda kwa jambo moja: kabla ya kushusha kamba alipita ghala kuchukua matambaa makuukuu, akamwambia Yeremia ayaweke kwapani, kamba zisimchubue. Watu wa kuja kukuambia "uwe na imani, mama" unao tayari wa kutosha. Unahitaji wenye matambaa. Mwambie mzee wa kanisa lako au viongozi wa akina mama, kwa maneno ya wazi, kwamba unahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa siku mbili kwa wiki, na watu wa kukusaidia siku ya kupanda. Watu wengi hawasaidii kwa kuwa hawajui washike wapi, na kwa kawaida sisi wenye shida huona haya kuwaonyesha.

Limebaki shamba lako. Sikwambii ulime lote, kwa maana huna nguvu hizo mwaka huu, na kujilazimisha kungekuwa ni kutafuta kutahayari kwa mara ya nne. Sehemu kubwa mpe jirani ailime kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na muyaandike mbele ya shahidi kama alivyofanya Yeremia. Ibakize robo ekari iliyo karibu na nyumba, upande mtama wa kula. Usiombe kwanza upate furaha ya kulima. Zaburi ya 126 inamtaja mtu anayekwenda kupanda huku akilia, wala haimwambii ayafute machozi kwanza. Na siku utakapoleta mbegu nyumbani, kabla mvua haijaanza, mketishe mumeo kivulini, umwekee ungo mapajani, naye azichambue kwa mkono wake wa kushoto.